Jina la Mchochea Moto

Okemwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu aliponunua robo kilo ya misumari katika duka la Ashok pale Keroka, nayo misumari ikafungwa katika ukurasa wa jarida. Mwaka ulikuwa 1991. Alipofika kwake Kebirigo na kuifungua, alikuta picha ya garimoshi likitoka ndani ya pango la mlima, na chini yake hadithi ya Kiingereza iliyoanzia katikati. Dereva alikuwa ameng'amua kwamba breki hazishiki. Mbele yake palikuwa na daraja. Hapo ukurasa ukaisha.

Misumari ilikaa wiki nzima bila kupigiliwa. Okemwa alirudi Keroka kuulizia kurasa zilizobaki.

Ashok alimweleza kwamba majarida yale yalikuwa ya baba yake, Mzee Jivraj, aliyeendesha treni za Kisumu kabla ya kuacha kazi na kuja kufungua duka. Alikuwa akiyaagiza kutoka Marekani kwa meli. Alipofariki, familia haikujua la kuyafanyia ila kufungia misumari na chumvi. Yaliyokuwa chini ya meza ya duka yalikuwa manne tu, bila majalada, na Ashok akampa bure. Mwisho wa hadithi ile ya daraja haukuwemo. Okemwa hajaupata mpaka leo.

Ndivyo alivyoanza kukusanya. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa katika kiwanda cha majani chai, kazi yake kutupa kuni kwenye boila na kuangalia kiwango cha maji. Watu wa ofisini walipita mlango wa chumba chake wakiziba pua. Lakini katika majarida yale, yaliyochapwa miaka ya thelathini na arobaini kwa karatasi duni iliyogeuka rangi ya uji wa wimbi, watu waliofanya kazi kama yake ndio waliokuwa wakubwa. Mtu alitupa makaa motoni, akatazama maji, akasikiliza mvuke, na kwa kufanya hivyo akavusha watu mia tatu mlimani. Okemwa alizaliwa katika vilima visivyo na reli hata hatua moja. Alisoma hadithi zile na kamusi pembeni, neno kwa neno, na kila alipofunga jarida aliiangalia boila yake kwa heshima mpya.

Kwa miaka thelathini na zaidi alitafuta. Alipata mawili kwa muuza vitabu vikuukuu Kisumu, moja kwa karani mstaafu wa Nakuru, sita kwa mjane wa Muhoroni aliyekuwa ameyatandika chini ya kuku wanaotamia. Yote aliyahifadhi katika mifuko ya kupakia chai, ile yenye karatasi ya fedha kwa ndani, kwa sababu unyevu wa Nyamira hauna huruma na karatasi. Mkewe Phanice alizoea. Aliwaambia jirani zake kwamba wanaume wengine hukusanya mashamba na wengine hukusanya wake wadogo, kwa hiyo yeye hana la kulalamika.

Ashok alifariki mwaka jana. Mwezi wa tatu mwaka huu mkewe, Indu, alimpigia Okemwa simu. Alikuwa anafunga duka ili akaishi Nairobi kwa mwanawe Mehul, na katika kusafisha stoo ya nyuma walikuta sanduku la bati la Mzee Jivraj ambalo Ashok hakuwahi kulifungua. Indu alimwambia aje aone kabla halijapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma.

Kufuli ilikuwa imeliwa na kutu. Mehul aliivunja kwa nyundo, na kifuniko kilipoinuliwa Okemwa alipiga magoti kabla hajajua kwamba anapiga magoti. Majarida yake yote arobaini na matatu yalikuwa yamechakaa, mengi hayana majalada, na alikuwa amezoea kuyafikiria kuwa vitu vya rangi ya kahawia. Mbele yake sasa yalilala ishirini na mawili kama yalivyotoka kiwandani. Nyekundu ilikuwa nyekundu kama damu. Injini zilikuja zikimtazama, taa zao za manjano zikipasua theluji, cheche zikiruka, mikono ya watu imeshikilia vyuma. Hakuyagusa. Aliomba maji ya kunawa, akanawa, akajipangusa vizuri, ndipo akalitoa la kwanza.

Indu alisimama kando akimtazama. Baadaye alisema kwamba tangu msiba wa mumewe hakuwahi kumwona mtu akikishika kitu cha nyumba ile kwa namna hiyo. Alimwambia aende nayo yote.

Okemwa alichukua likizo ya siku nne. Asubuhi alikuwa akikaa barazani, meza imefunikwa kitambaa safi, akisoma jarida moja baada ya jingine. Pamoja na hadithi za kubuni, kila toleo lilikuwa na sehemu ya nyuma ambamo wafanyakazi wa reli wenyewe, kutoka nchi mbalimbali, waliandika mambo yaliyowapata. Siku ya tatu, katika toleo la Oktoba 1938, alifika sehemu hiyo akaona neno ambalo hakutarajia kulikuta katika karatasi ya Marekani. Neno hilo lilikuwa Kisumu. Mstari wa chini yake ulisema kwamba mwandishi ni Jivraj, dereva. Okemwa alisoma aya mbili, akasimama, akaenda hadi mwisho wa shamba la chai, akarudi, akasoma tena.

Kiingereza cha Mzee Jivraj kilikuwa chepesi. Kwa Kiswahili kingekuwa hivi:

"Nimesoma humu mwaka baada ya mwaka habari za mashujaa wa reli za nchi nyingine. Mimi ninaye mmoja wa huku. Desemba iliyopita tulikuwa tunateremka kuelekea Kisumu na mabehewa saba ya abiria. Kioo cha kipimo cha maji ya boila kilipasuka. Mvuke na maji yanayochemka vilijaa mahali petu pote pa kusimama. Sikuona mkono wangu. Jicho langu la kushoto liliungua, nami nikarushwa upande ambao siwezi kuifikia breki. Treni ilikuwa inaongeza kasi. Mchochea moto wangu angeweza kuruka. Upande wake ulikuwa wazi. Hakuruka. Aliingia katika ule mvuke, akapapasa mpaka akazipata koki mbili za kufungia kioo kile. Ya juu ilifunga upesi. Ya chini ilikuwa imekwama, naye akaishika kwa mikono miwili akaizungusha polepole mpaka ikafunga. Mvuke ulipotulia niliifikia breki, tukasimama mita chache kabla ya kona. Hakuna abiria aliyejua lolote. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye koki. Katika ripoti yangu niliandika 'mchochea moto' tu, na baadaye nikaona haya. Kwa hiyo naomba mchape hapa jina lake. Ni Machogu mwana wa Anyona, Mkisii, wa vilima vya Nyamache."

Okemwa alijua tabia ya majarida yale. Yalitia chumvi. Ndani yake aliwahi kusoma habari ya dereva aliyezuia behewa kwa bega. Kwa hiyo alikipitia tena kisa kile kama mkaguzi wa boila, sentensi kwa sentensi, akitafuta uongo, na akaishia kwenye ile koki ya chini. Kioo cha namna hiyo kiliwahi kupasuka kiwandani kwao, mwaka wa 2004. Wao walikuwa na fimbo ndefu ya chuma ya kufungia kwa mbali, na mlango wa kukimbilia, na bado mwenzake alilazwa hospitali. Alikumbuka sauti ile, mluzi usio na pumzi, na jinsi mwili wote unavyotaka kukimbia. Kisha alikumbuka kwamba hata siku ile koki ya juu ilifunga mara moja, na ya chini ndiyo iliyogoma. Ya chini ndiyo hugoma daima, kwa sababu ukoga wa maji hutulia chini. Mtu anayebuni hadithi hawezi kujua hilo. Hilo hujulikana na aliyekuwepo.

Aliviangalia viganja vyake mwenyewe juu ya kitambaa cha meza. Phanice alitoka na chai akamkuta analia, akadhani kuna aliyefariki. Alimweleza. Phanice alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akamwomba amsomee kwa Ekegusii, na aliposikia jina la Anyona wa Nyamache akasema dada yake ameolewa huko huko, na kama mtu yule alizaa, watamjua.

Kesho yake Okemwa alikwenda Keroka kumwonyesha Indu. Indu alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama kwenye duka tupu, mbao za rafu zimeshateremshwa. Aliolewa katika nyumba ile mwaka 1970, akaishi na mkwe wake miaka sita, akampikia kila siku, na aliijua alama iliyokuwa kando ya jicho lake la kushoto. Aliambiwa ni ya ugonjwa wa utotoni. Alimuuliza Okemwa kama ana nia ya kwenda Nyamache. Okemwa alijibu kwamba ataenda akipata habari.

"Ukienda usiniache," Indu alisema. "Nairobi haihami."

Habari zilipatikana kanisani. Dada yake Phanice alimpa jina mzee wa kanisa la Waadventista la kule, naye akalitangaza Sabato baada ya ibada: ukoo wa Machogu wa Anyona, aliyefanya kazi Kisumu zamani, unatafutwa kwa jambo jema. Kabla watu hawajatawanyika, mwanamke mmoja alinyanyua mkono. Huyo alikuwa mke wa mjukuu. Alisema Machogu alikufa zamani, mwaka 1972, lakini binti yake wa mwisho yupo, anaitwa Kwamboka, ana miaka themanini na mitano, na akili yake ni kali kuliko ya wote waliomo kanisani.

Walikwenda Jumapili iliyofuata, Okemwa, Phanice na Indu. Boma lilikuwa chini ya barabara, migomba mbele na chai nyuma, na viti vilikuwa vimetolewa nje na kupangwa. Kwamboka alikuwa amevaa sweta jipya, leso imefungwa kichwani. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja, akamkazia macho Indu kuliko wengine, kisha akamwambia Okemwa aseme lililomleta.

Okemwa alikuwa ameandika tafsiri katika daftari, kwa sababu hakuiamini sauti yake. Kwanza alilifungua jarida akamwonyesha mahali jina la baba yake lilipochapwa. Kwamboka hakuwahi kwenda shule, lakini aliweka kidole pale alipoonyeshwa na hakukiondoa. Alimwambia asome. Okemwa alisoma. Alipofika kwenye ile koki ya chini na mikono miwili, mama yule akasema, "Ngoja."

Okemwa alingoja. Kuku walipita kati ya viti. Hakuna aliyewafukuza.

"Tata alikuwa anakula kwa kijiko," Kwamboka alisema.

Kisha aliwaeleza, polepole, kwa Ekegusii, na Phanice akamtafsiria Indu kwa Kiswahili. Katika boma lile watu wote walikula obokima, yaani ugali, kwa mkono, kama ilivyo kote Gusii, ila baba yake. Yeye alikula kwa kijiko cha mti. Hakumpa mtu mkono wa salamu, aliinamisha kichwa. Kamba ya ng'ombe aliwaita watoto wamfungie. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vinang'aa, na vidole havikukunjika vyote. Alipoulizwa, alijibu neno moja, "Moto," na watu wakadhani nyumba iliungua huko Kisumu. Majirani walisema ni majivuno ya mjini. Watoto walimwita Mzungu kwa ajili ya kijiko. Yeye Kwamboka, akiwa na miaka kama minane, aliwahi kumwigiza mbele ya wenzake, akila kwa kijiti na kukunja uso, na alipogeuka akamwona baba yake amesimama mlangoni.

"Hakunipiga," alisema. "Alicheka. Nimekaa na kicheko kile miaka yote hii nikidhani hakuwa na la kusema."

Aliomba Okemwa aendelee. Okemwa alisoma mpaka mwisho, mpaka pale dereva alipoona haya na kuomba jina lichapwe. Kwamboka aliuliza dereva huyo alikuwa nani. Okemwa alimgeukia Indu, akasema ni baba mkwe wa mama huyu, mwenye duka Keroka.

Kwamboka alimgeukia Indu. Akauliza kama mzee huyo alikuwa na baiskeli nyeusi, na kama jicho lake moja lilikuwa na kovu.

Phanice alipotafsiri, Indu alishika mkono wa kiti chake.

Kwamboka alisema Mhindi mmoja alikuwa akija pale. Alianza kuja yeye akiwa msichana, na hata alipoolewa, akirudi nyumbani kusalimia, alimkuta mara nyingine. Alikuwa anasukuma baiskeli mlima wote kutoka barabarani. Walikaa na baba yake juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba, wakiongea maneno machache ya Kiswahili, na mara nyingi hawakuongea. Alileta kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na samli, na baba yao alijipaka viganjani, kwa sababu wakati wa baridi ngozi ile ilipasuka ikatoa damu. Watoto walikatazwa kuionja. Baba yao alimwita yule mgeni "ndugu wa kazi," na hakuna aliyeelewa ni kazi gani ambayo Mkisii wa Nyamache na Mhindi wa dukani wangeweza kuwa ndugu ndani yake.

Phanice alipomaliza, Indu alizungumza kwa Kiswahili chake cha dukani, na sasa Phanice akatafsiri upande wa pili. Alisema alipoingia katika nyumba ile kama bibi arusi, jambo la kwanza aliloambiwa na mama mkwe wake jikoni ni kwamba kila akipika samli atoe kopo moja aliweke juu ya kabati, na asiliguse. Jumapili moja kila mwezi mzee alilichukua, akafunga nyuma ya baiskeli, akaondoka mpaka jioni. Mama mkwe wake alinung'unika kwamba samli ya nyumba inalisha watu asiowajua. Ilikuwa hivyo miaka miwili. Kisha Jumapili moja alirudi na kopo likiwa limejaa, akaliweka mezani, akamwambia Indu asitoe tena.

"Sikuuliza," Indu alisema. "Nilikuwa mgeni mle ndani. Nilifurahi tu kwamba samli imebaki."

Kwamboka aliuliza ilikuwa mwaka gani. Indu alihesabu kwa mimba ya Mehul, akasema elfu moja mia tisa sabini na mbili. Wajukuu waliangaliana. Mmoja wao, mwanaume mzima mwenye duka la dawa za mifugo Nyamache, aliondoka akaenda kusimama kwenye migomba, mgongo umewaelekea watu.

Okemwa alikaa na jarida magotini, na alisema baadaye kwamba saa ile alijisikia mdogo sana, kama mtu aliyechimba shimo la mchanga akakuta bahari. Miaka thelathini na zaidi alikuwa amestaajabia watu wa mbali, madereva wa milima ya theluji asioijua. Aliwahi kuwaonea wivu. Kumbe mkubwa kuliko wote alikuwa amekula kwa kijiko umbali wa saa moja kutoka kwake, akachekwa na watoto, akazikwa chini ya migomba ile pale.

Waliongozwa kaburini. Hapakuwa na saruji, ila mawe manne na mmea mmoja wenye maua. Indu alivua viatu. Kwamboka alimshika mkono, labda kwa kusaidiana kutembea kwenye mteremko, na walipofika hawakuachiana. Mzee wa kanisa aliomba kwa kifupi. Alimshukuru Mungu kwa mvuke ambao haukumaliza watu na kwa kalamu ya mgeni.

Chai ilipoletwa, Okemwa alifanya jambo ambalo alikuwa amelipigania moyoni juma zima. Alimkabidhi Kwamboka lile jarida, akamwambia ni la kwenu. Mama yule alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza mapajani, akakaa nalo mpaka vikombe vilipokusanywa. Kisha akamrudishia.

"Nyumba yangu ina moshi na mchwa," alisema. "Kaa nalo wewe unayejua kulilaza. Lakini jina ni letu. Uwe unakuja kulisoma."

Okemwa ameshakwenda mara mbili zaidi. Mara ya mwisho walikuja watu wa mlima mzima, na wengine walisimama kwenye matuta ya viazi kwa kukosa nafasi. Indu alihamia Nairobi mwezi wa sita. Kabla hajaondoka alipanda kwenda Nyamache peke yake, na walichozungumza na Kwamboka bila mtafsiri hakijulikani. Ila wajukuu wanasema walikaa juu ya jiwe la nyuma ya nyumba zaidi ya saa nzima, na kwamba Kwamboka alikuwa amepakwa kitu mikononi, mikono inanukia samli.

Siku hizi Okemwa anaandika. Yeye ambaye maisha yake yote alikuwa msomaji tu alinunua daftari la kurasa themanini, akaanza kuweka chini yale yaliyosemwa siku ile, kijiko, kopo, baiskeli na kicheko cha mlangoni, ili atakayeufungua mfuko wenye jarida lile siku moja, awe yeyote, asikutane na nusu ya habari. Amefika ukurasa wa kumi na moja. Phanice humsahihisha. Juzi alimsomea sehemu ya kijiko, na Phanice akamkatiza, akasema ameandika kijiko cha bati, na Kwamboka alisema wazi kwamba kilikuwa cha mti, baba yake alikichonga mwenyewe kwa vidole vilivyokuwa bado vinakunjika. Okemwa alilikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake.